UZI: Beckford, mbunge aliyemjibu mfalme mbele ya watu kuhusu uhuru huku yeye mwenyewe anamiliki watu elfu tatu

mpekuzi_wa_kale:

Wakuu habari za muda huu. Leo nawapeleka Uingereza ya miaka ya 1700, kuna jamaa anaitwa William Beckford, sijui kama ashawahi kuletwa humu. Msimchanganye na mwanae, nae aliitwa William Beckford, yule alikuwa mwandishi na nitamgusa mbeleni. Namzungumzia baba mtu. Mwenye mashamba, mbunge, Meya wa London mara mbili, mtu wa karibu wa William Pitt yule mkubwa, kiongozi wa serikali ya Uingereza enzi hizo. Sanamu yake iko mpaka leo ndani ya Guildhall, ukumbi mkuu wa Jiji la London, na chini yake wamechonga maneno aliyomwambia mfalme George wa Tatu mwaka 1770, maneno ya kutetea haki za raia, yani ukisoma bila kujua historia yake unaweza ukampigia makofi. Mimi nataka tuangalie mpunga wa kuongea vile ulitoka wapi.

Tuanzie kwa babu. Babu yake, Kanali Peter Beckford, alienda Jamaica miaka ya 1660 muda mfupi tu baada ya Waingereza kuwanyang'anya Wahispania kile kisiwa, akajikusanyia ardhi mpaka 1702 akawa anakaimu ugavana. Ukoo wa vurugu huo. Baba yake William (nae Peter, hawa watu walikuwa wavivu wa kutafuta majina) alimuua ofisa mmoja wa sheria kwa upanga mwaka 1697 na hakuna la maana lililompata, baadae akawa Spika wa bunge la Jamaica. 1710 wabunge wakamchomolea Spika mapanga ndani ya ukumbi, babu akasikia kelele akatoka mbio kumuokoa mwanae, akaanguka kwenye ngazi akafa. Hiyo ndo familia iliyokuja kutoa bingwa wa katiba ya Uingereza.

William alizaliwa Jamaica 1709. Kijana wa miaka kama 14 akapelekwa Uingereza shule ya Westminster, akaenda Oxford, akasoma udaktari Leiden kule Uholanzi. Baba akafa 1735, alafu kaka mkubwa nae akafuata, mali nyingi ikamuangukia yeye. Akarudi Jamaica akakaa miaka kadhaa akisimamia, na hapa ndo watu wanapitiwa: huyu hakuwa bwana wa mbali asiyejua sukari inatengenezwaje. Alikuwepo pale. Aliona.

1744 akarudi Uingereza moja kwa moja, akanunua Fonthill, shamba kubwa kule Wiltshire, maana Uingereza ya wakati ule ukitaka kuheshimiwa hela ya biashara haitoshi, lazima uwe na ardhi, kasri, mbuga ya kuwindia na wapangaji wa kukuvulia kofia. 1747 akaingia bungeni kwa jimbo la Shaftesbury, 1754 akahamia jimbo la London na akalishikilia mpaka anakufa. Mwaka huo huo wa 1754 ndugu zake wawili nao waliingia bungeni, Richard kwa Bristol na Julines kwa Salisbury. Sukari ilikuwa imekaa bungeni na viti vyake kabisa.

Naendelea, acheni nipate chai.

Kadogoo_Mbishi:

Nimeshaweka mkeka hapa, usitukimbie kama yule wa uzi wa juzi.

binti_Ngamiani:

Mkuu naomba ufafanue kidogo, Meya wa London ndo kama huyu meya wa sasa hivi? Na alikuwaje mbunge na meya kwa wakati mmoja?

mpekuzi_wa_kale:

Hapana dada, ni vitu viwili. Kuna London lote hili tunalolijua, alafu kuna Jiji la London lenyewe, kile kieneo kidogo cha kale chenye mabenki, hicho kina meya wake wa kimila anayebadilishwa kila mwaka, ana makazi yanaitwa Mansion House, ana mabaraza yake na vyama vya mafundi na wafanyabiashara. Enzi hizo ndo moyo wa hela ya nchi nzima. Kuwa mbunge na meya pamoja haikuwa shida. Beckford alikuwa meya 1762 mpaka 63, alafu tena 1769 mpaka alipofia kazini 1770.

Sasa tuendelee na mali zenyewe. Mwaka 1754 alikuwa na ekari kama 22,000 Jamaica. Mashamba ya miwa yapatayo kumi na tatu. Anakufa alikuwa anamiliki watu kama 3,000. Narudia, WATU. Na hakuvipata vyote kwa urithi, jamaa alikuwa anakopesha wenye mashamba wenzie, wakishindwa kulipa anachukua shamba na watu waliomo. Shamba la Drax Hall kule St Ann, la moja ya koo za kwanza kabisa kwenye sukari ya Waingereza, liliingia mikononi mwake 1762.

Kwa wasiojua sukari ilivyokuwa inafanyika: muwa ukishakatwa unaanza kuharibika, kwahiyo lazima ukamuliwe haraka, ndo maana kipindi cha mavuno, kuanzia kama Januari mpaka katikati ya mwaka, kinu hakilali. Watu wanakata miwa mchana, alafu usiku wanapangiwa zamu ya kinu na jiko la kuchemshia. Usingizi ukimpitia mtu anayelisha miwa kwenye kinu vidole vinaingia kati ya magogo, na magogo hayasimami haraka, kwahiyo pembeni ya kinu waliweka kishoka cha kumkatia mkono kabla mwili wote haujavutwa. Hicho kishoka kilikuwa kifaa cha kawaida cha kazi. Pale jikoni kuna masufuria makubwa yamepangwa mstari, juisi inahamishwa kutoka moja kwenda jingine huku inazidi kuwa nzito, ikikumwagikia inagandana na ngozi. Watu walikufa kuliko waliozaliwa, ndo maana meli kutoka Afrika Magharibi hazikukoma, mashamba yalikuwa yanakula watu.

Sasa huku Fonthill. Mwaka 1755 nyumba yake ikaungua moto. Horace Walpole, yule mwandishi wa barua mwenye umbea wa kiwango cha juu, anasimulia kwamba Beckford alipopewa habari akajibu ana pauni elfu hamsini za ziada kwenye mtoto wa meza, ataijenga upya, na haitapunguza zaidi ya pauni elfu elfu kwa kila mmoja wa watoto wake thelathini. Thelathini ni utani wa mjini, ila watoto wa nje kweli alikuwa nao kadhaa na wasia wake uliwakumbuka. Nyumba mpya iliyojengwa watu wakaiita Fonthill Splendens. Jina linajieleza.

mzee_ngumu:

Mleta uzi unaandika vizuri lakini mnapenda sana kuwahukumu watu wa zamani kwa macho ya leo. Wakati ule utumwa ulikuwa halali, kila mtu alikuwa anafanya, na hata huku kwetu Afrika waliouzana walikuwepo. Huyu mzee apimwe kwa alichokifanya bungeni.

Kadogoo_Mbishi:

Mzee ngumu ameamka 😂 nilijua tu

mpekuzi_wa_kale:

Mzee wangu shikamoo, na hoja yako naichukua kwa uzito. Twende bungeni kwanza kama unavyotaka, alafu nitarudi kwenye hilo la macho ya leo.

Bungeni Beckford hakuwa msemaji mzuri kivile. Sauti kubwa, maneno yanatoka ovyo ovyo, lafudhi ya Jamaica ambayo wenzie waliicheka, Kilatini anakosea. Ila alikuwa na jambo. Mwaka 1761 alisimama akasema anapowataja wananchi wa Uingereza hana maana ya wale mabwana wakubwa wala kundi la chini kabisa, ana maana ya watu wa kati, mwenye kiwanda, mkulima mwenye chake, mfanyabiashara, bwana wa shamba, wale wanaobeba joto lote la mchana na kulipa kodi zote. Alipiga kelele dhidi ya vijimbo vidogo vya uchaguzi vilivyokuwa na wapiga kura wa kuhesabu na wote wananunulika. Hapo ucheke kidogo, maana Shaftesbury alikoanzia nako kura zilikuwa na bei, na kale kamji ka Hindon jirani kabisa na Fonthill kalinuka rushwa mpaka uchaguzi wake wa 1774 ukafutwa, ingawa huo yeye alikuwa ashakufa.

Kwenye vita ya miaka saba alikuwa mtu wa Pitt. 1758 alimwandikia Pitt barua akimsukuma waivamie Martinique ya Wafaransa, na hoja aliyoweka mezani ni kwamba watu weusi na mifugo ya kile kisiwa wana thamani ya zaidi ya pauni milioni nne. Watu na mifugo, kwenye sentensi moja. Mzee hilo nalo ni alichokifanya kwenye siasa, silitoi shambani.

Alafu ndo lije sakata la Wilkes. John Wilkes alikuwa mbunge na mwandishi mkorofi aliyemchamba mfalme na serikali kwenye gazeti lake mwaka 1763, akakamatwa, akakimbilia Ufaransa, akarudi 1768 akachaguliwa na watu wa Middlesex. Bunge likamfukuza. Wakamchagua tena. Likamkataa tena, mpaka mwisho likampa kiti mpinzani wake aliyepata kura chache. London ikachafuka, "Wilkes na Uhuru" imeandikwa kila ukuta, na Jiji likiongozwa na Beckford kama meya likaanza kumpelekea mfalme barua za malalamiko kwamba avunje bunge.

Tarehe 23 Mei 1770 Beckford na ujumbe wake wakaenda ikulu ya St James. Wakasoma waraka wao, mfalme akajibu kwa ubaridi kwamba hakupendezwa. Kwa desturi hapo unainama unarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Beckford hakuinama akaondoka, akafungua mdomo tena. Akasema yeyote anayethubutu kwa uzushi na fitina kuuhamisha moyo wa mfalme usiwapende raia wake watiifu, na hasa Jiji la London, huyo ni adui wa mfalme na familia yake, mvunja amani, na msaliti wa katiba njema iliyowekwa na yale Mapinduzi Matukufu, yani yale ya 1688. Watu wa ikulu walibaki wameduwaa, haijawahi kutokea raia akamjibu mfalme jibu juu ya jibu. Chini ya mwezi mmoja baadae, 21 Juni, homa ikamuondoa. Akafa akiwa shujaa moto moto, hata sanamu haikuchelewa, 1772 ikasimama Guildhall.

Mwl_Historia_Moro:

Mkuu umeleta vizuri, ila kuna la kuongezea. Yale maneno yaliyochongwa John Horne, yule aliyekuja kuitwa Horne Tooke, alidai ni yeye aliyeyatunga. Kwahiyo alichosema Beckford mbele ya mfalme na kilichochongwa kwenye jiwe havilazimiki kuwa kitu kimoja. Kwamba aliongea, hilo walioshuhudia wanalikubali. Ila kwa msemaji wa ovyo ovyo kama ulivyomweleza, sentensi ndefu namna ile iliyonyooka mimi naitilia shaka.

mpekuzi_wa_kale:

Mwalimu umenena, na mimi nakubaliana na wewe zaidi ya kidogo.

Sasa mzee ngumu, macho ya leo. Mwaka 1769 alipochaguliwa umeya mara ya pili gazeti la hapo hapo London lilitoa kishairi cha kumkejeli, kwa tafsiri yangu ya haraka ni hivi:

Beckford kapewa umeya, bwana mwenye sifa zake,
kumuona mtumwa tu haivumilii roho yake,
isipokuwa mtumwa huyo awe ni wa kwake.

Hiyo ni 1769 mzee, hao waliocheka walikuwa majirani zake, wanalipa kodi ile ile. Kwahiyo macho hayo yalikuwepo. Na miaka minne kabla, 1765, mjini kwake huko huko kijana Jonathan Strong aliyeletwa kutoka Barbados akapigwa na bwana wake mpaka akakaribia kuwa kipofu akatupwa barabarani, akatibiwa, 1767 bwana alipomuona kapona akataka kumuuza tena. Granville Sharp, Mwingereza aliyepinga utumwa, akaipeleka kesi mbele ya meya wa Jiji, wakati huo Robert Kite, na meya akamwachia kijana huru. Kwahiyo swali la kama mtu anaweza kuwa mali lilishafika kwenye ofisi ile ile ya umeya kabla Beckford hajakalia kiti mara ya pili.

Na kuna watu ambao hawakuhitaji gazeti kuwaambia. Jumatatu ya Pasaka, 7 Aprili 1760, kule St Mary Jamaica, Tacky na wenzake, watu wa Gold Coast ambayo leo ni Ghana, waliingia Fort Haldane pale Port Maria usiku wakachukua bunduki na baruti, wakaanza kupita shamba kwa shamba. Moja ya mashamba waliyoyavamia ni Esher, la nani? La Beckford. Tacky aliuawa kwa risasi ya mdunguaji wa Maroon, yani wale weusi wa jamii za waliotoroka utumwa, waliokuwa na mkataba na Waingereza, lakini moto uliruka mpaka Westmoreland upande wa pili wa kisiwa na ulichukua miezi kuuzima. Wazungu kama 60 walikufa, watumwa 400 hadi 500 wakauawa, wengine wanafika 500 wakahamishwa kisiwani. Waliochomwa moto wakiwa hai wamo humo, na waliotundikwa kwenye vizimba vya chuma wakaachwa wafe kwa kiu. Kisiwa wakati huo watumwa walikuwa kama mara kumi ya wazungu kwahiyo hofu ilikuwa kubwa mno.

Hapa ndo mimi natofautiana na wanaomuita Beckford mnafiki. Mnafiki anajua anasema uongo. Huyu sidhani. Uhuru kwake ulikuwa ni haki ya mwenye mali kutoguswa na mfalme, na mali yake kubwa kuliko zote ilikuwa watu. Wabunge wa kisiwani Jamaica waliongea lugha hiyo hiyo dhidi ya magavana, sisi ni Waingereza huru, msituguse. Alilelewa humo, baba yake alikuwa Spika wa bunge hilo. Kwahiyo aliposimama mbele ya George wa Tatu alikuwa anaongea Kijamaica fasaha kabisa.

mzee_ngumu:

Marahaba. Hicho kishairi sikuwa nakijua, nakiri ni kizito. Lakini bado, kumjibu mfalme enzi hizo ilitaka kifua.

Kadogoo_Mbishi:

Kifua kilichonenepeshwa na sukari ya watu mzee 😂

binti_Ngamiani:

Na huyo mtoto mwandishi aliishia wapi? Na hizo mali?

mpekuzi_wa_kale:

Mtoto alizaliwa 1760, mwaka ule ule wa Tacky, kwa mke wa ndoa Maria Hamilton aliyekuwa mjane. Pitt alikuwa baba yake wa ubatizo. Anafiwa na baba ana miaka tisa na akawa kijana tajiri kupita maelezo, mshairi Byron baadae akamwita mwana tajiri kuliko wote wa Uingereza. Jamaica hakuwahi kukanyaga. 1787 alipanda meli akaaga kabisa anaenda kuona mashamba, akashuka Lisbon akaona panamtosha. Mawakili na wanyapara ndo waliendesha kila kitu, na nao hawakujisahau kwenye mgao.

Akabomoa Splendens ya baba, akajenga Fonthill Abbey, jumba kama kanisa lenye mnara mrefu ajabu ambao ulikuwa unadondoka hata wakati unajengwa. Huku mashamba mengine yakachukuliwa na kesi, bei ya sukari ikayumba, madeni, 1822 akaliuza kwa John Farquhar, mzee aliyetajirika kwa baruti kule Bengal. Desemba 1825 mnara ukaanguka wote. Leo kimebaki kipande kidogo tu cha jengo.

Serikali ilipofuta utumwa kwa sheria ya 1833 iliwalipa wenye watumwa pauni milioni 20, watumwa hawakupewa hata senti, na deni lililotokana na mikopo ile Uingereza ililimaliza 2015. Kuna watu humu wana akaunti ya zamani kuliko hiyo.

Mwl_Historia_Moro:

Na jina halikufa. Jamaica leo Beckford ni jina la kawaida kabisa la watu weusi, utalikuta kwa wachezaji mpira, walimu, mafundi. Kuna mchumi mkubwa wa huko, George Beckford, alifundisha chuo kikuu cha West Indies pale Mona, na kazi yake yote ilikuwa kuonesha jinsi uchumi wa mashamba makubwa unavyowaacha watu maskini hata baada ya bendera kubadilishwa. Walter Rodney, huyu huyu aliyefundisha pale Mlimani Dar, alikuwa anafundisha Mona 1968 kabla serikali ya Jamaica haijamzuia kurudi nchini mwezi Oktoba mwaka ule, wanafunzi wakaandamana Kingston kukawaka.

binti_Ngamiani:

Daah, hii ya George Beckford imenipata. Sanamu ilibaki hata baada ya yale ya Bristol kutupa sanamu majini?

Mswahili_wa_Leyton:

Ipo dada, mimi niko London nimeingia pale. Baada ya sanamu ya Colston, mfanyabiashara ya watumwa wa Bristol, kutupwa majini Juni 2020, wakubwa wa Jiji walipiga kura Januari 2021 iondolewe pamoja na ya John Cass, nae wa biashara ya watumwa. Oktoba mwaka ule ule wakageuza, ibaki ila iwekewe maelezo. Iko ndani ya Great Hall pamoja na Nelson, Wellington, Churchill na huyo huyo rafiki yake Pitt. Kasimama mkono mmoja kaunyoosha kama anahutubia, chini wanawake wawili wa mawe wanamlilia, na ule mwandiko wa hotuba ndo unaokamata macho.

Maoni yangu ingetolewa. Maelezo hayamfikii mtu anayepita tu.

mzee_ngumu:

Ikitolewa nani atauliza tena alikuwa nani? Leo tusingekuwa na uzi huu.

mpekuzi_wa_kale:

Mimi niko katikati wakuu. Ningeiacha ila nichonge kile kishairi cha 1769 chini ya hotuba, kwa herufi za ukubwa ule ule. Wasiseme kimetoka kwa watu wa leo, ni cha watu wake.

Kadogoo_Mbishi:

Weka na kishoka cha kinuni mbele yake.

binti_Ngamiani:

Hapo Kadogoo umeongea kwa mara ya kwanza tangu ujiunge.

Mswahili_wa_Leyton:

Kwa atakayefika huku, kuingia ni bure. Angalieni tu siku kabla, wakiwa na dhifa zao ukumbi unafungwa.